Bomba lako linarudi nyuma?

Ndugu zangu, wengi wenu mshanisikia kwenye hili na leo narudia, maana kila nikiulizwa habari ya gesi ya Ulaya naulizwa visima vipya, meli, bei. Mimi nauliza kwanza, bomba lako linarudi nyuma, yaani gesi inaweza kupita humo kinyume?

Chukueni Januari 2009. Urusi na Ukraine wamegombana juu ya madeni na bei, tarehe 7 gesi ya kupitia Ukraine ikakatika kabisa, karibu wiki 2. Bulgaria ilikuwa inategemea karibu njia hiyo moja tu, Slovakia hivyohivyo, viwanda vikasimama, na nje ni barafu. Magharibi gesi ipo! Ila mabomba yalijengwa kusukuma kutoka mashariki, na gesi haigeuki kwa kuambiwa geuka, lazima pale kwenye kompresa, mashine za kusukuma gesi, mafundi waunge upya mabomba, upande uliokuwa unanyonya ndo uanze kusukuma, na mita ya mpakani nayo ipime kinyume. Mafundi wa Czech na Slovakia waliligeuza bomba, gesi ikaingia Slovakia kutokea magharibi, baridi ishapiga watu siku kibao. Kwa nini halikuandaliwa kabla?

Mwaka huohuo Ugiriki na Bulgaria wakakubaliana kujenga bomba la kuwaunganisha, Komotini ya Ugiriki mpaka Stara Zagora ya Bulgaria, kilomita 182. Limefunguliwa Oktoba 2022. Miaka 13 kwa kilomita 182 jamani! Na Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilishaikatia Bulgaria gesi tangu Aprili mwaka huo.

Najua kuna mtu anasema kila nchi ijaze ghala lake, basi. Ghala gani? Gesi inahifadhiwa kwenye miamba chini ya ardhi, na si kila nchi inayo hiyo miamba. Estonia na Lithuania hawana, wanategemea ghala la chini ya ardhi la Inčukalns lililoko Latvia. Utawaambia wajitegemee na nini?

Haya, muda unanikimbiza. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2017 inasema jirani akiishiwa, unapunguzia viwanda vyako ili nyumba zake na hospitali zake zipate, naye analipa. Nzuri sana, lakini miaka ya mwanzo ilikuwa mpaka mkae mwandikiane nani analipa nini, na Ujerumani na Denmark, wa kwanza kabisa, wameandikiana Desemba 2020. Habari ya nchi kununua gesi kwa pamoja, na ya bomba kati ya Hispania na Ufaransa, tutazigusa kwenye maswali, mwenye swali anyooshe mkono.