San Antonio: Kulala Kando ya River Walk

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni San Antonio, Texas, kwenye River Walk, ile njia ya kutembea kando ya mto katikati ya mji. Wenzetu wa Houston wako mwendo wa saa tatu tu kwa gari kwenye barabara kuu ya I-10, na wengi wanauliza hoteli ipi. Kaka Juma, tuanzie wapi?

JUMA: Tuanze na kimo, dada. Mto ule uko chini ya mitaa, karibu ghorofa moja. Magari yanapita juu, watu wanatembea chini kando ya maji. Ramani ya simu inakwambia umefika, kumbe umesimama darajani na mgahawa uko chini ya miguu yako. Usizunguke mtaa mzima, tafuta ngazi pembeni ya daraja.

NEEMA: Na mwenye kiti cha magurudumu, au mwenye kigari cha mtoto?

JUMA: Lifti na njia za mteremko zipo, ila si kwenye kila daraja. Ndiyo maana nasisitiza hoteli yenye milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa mtoni. Lifti ya hoteli inakushusha hadi kwenye maji. Hilton Palacio del Rio ni ya namna hiyo. Ilijengwa kwa ajili ya maonesho ya HemisFair ya 1968, vyumba vikaundwa kwingine vikiwa na samani ndani, kisha vikapandishwa kwa kreni kimoja kimoja.

NEEMA: Tangazo likisema "kwenye River Walk", si inatosha?

JUMA: Haitoshi. Njia yote ya mto ina kilomita kama 24. Upande wa kaskazini ni Museum Reach, iliyofunguliwa 2009, inayofika Pearl, mtaa wa migahawa na maduka. Kusini ni Mission Reach, inayofika kwenye misheni za kale, yaani makanisa ya Wahispania. Migahawa na muziki unaouona kwenye picha viko zaidi katikati, kwenye kona ya mto inayozunguka kama kiatu cha farasi. Piga simu hotelini uulize: kutoka mlangoni hadi ngazi za mto ni hatua ngapi, na kushuka ni wapi?

NEEMA: Chumba kinachotazama mto kinauzwa ghali zaidi. Kina thamani hiyo?

JUMA: Kwa familia yenye watoto, mimi nasema hapana. Kona ile imebanwa na kuta pande zote mbili, sauti haina pa kwenda ila juu. Mariachi, wanamuziki wa Kimeksiko, wanapiga mezani, baa zinaendelea hadi saa nane usiku, ndipo sheria ya Texas inapozuia kuuza pombe. Mlango wa roshani, hata ukifungwa, hauzuii kila kitu. Omba chumba cha upande wa barabara au wa ua wa ndani, ghorofa za juu. Mto unaupata ukishuka.

NEEMA: Na bei ya mtandaoni ndiyo ya kulipa?

JUMA: Mara nyingi kodi inaongezwa mwishoni, na ya hoteli pale ni takriban asilimia 17. Chumba cha dola 180 kinakaribia 210. Halafu maegesho: hoteli kubwa za mtoni zinaweza kutoza dola 40 au zaidi kwa usiku, na gari lenyewe halitembei. Tena hoteli hushikilia amana kwenye kadi. Ukitumia kadi ya benki ya kawaida (debit), pesa hiyo inaweza kuchelewa siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usiitegemee kwa mafuta ya kurudi nyumbani.

NEEMA: Mvua je? Mji ule una historia ya mafuriko.

JUMA: Tena nzito. Septemba 1921 maji yaliua watu wapatao 50. Baadaye ukachimbwa mfereji wa kukatiza ile kona, na malango yakawekwa kwenye ncha zake ili maji ya mafuriko yasiingie. Mbunifu Robert Hugman alileta wazo la kuigeuza kona ile kuwa River Walk 1929, ujenzi ukafanyika 1939 hadi 1941. Tangu 1997 kuna pia handaki la karibu kilomita 5 chini ya mji. Kwa hiyo katikati kumelindwa vizuri. Mission Reach ni tofauti: mvua kubwa ikinyesha, vivuko vya chini hufunikwa na maji, usipeleke baiskeli huko siku hiyo.

NEEMA: Mashua?

JUMA: Ziara ya kona inachukua kama dakika 35. Nunua tiketi ya muda maalumu mtandaoni, panda asubuhi, kwa sababu jioni foleni ni ndefu na kiangazi joto linapita nyuzi 35. Shikeni watoto mikono, kingo nyingi hazina vizuizi. Mashua za kwenda Pearl zina jambo zuri: zinaingia kwenye lango la maji na kuinuliwa karibu mita 3 kabla ya kuendelea.

NEEMA: Twende lini?

JUMA: Taa za Krismasi huwashwa Ijumaa baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba, ni nzuri sana, ila vyumba huisha. Aprili kuna Fiesta, tamasha kubwa la mji, hapo weka nafasi miezi kadhaa kabla. Januari bei hushuka, lakini piga simu kwanza: baadhi ya miaka mto hukaushwa kwa usafi wakati huo, na mashua hazitembei.