Ndoa Marekani: Cheti Chako Kiko Kaunti Gani?

Hamjambo watu wangu wa nyumbani, na ninyi mlio huku ughaibuni mnaonisikiliza mkiwa zamu ya usiku, poleni na kazi. Leo sina muziki wala picha za jiji. Nimekaa mezani jikoni, watoto wamelala, na mbele yangu kuna karatasi moja. Ngoja niisogeze muione vizuri. Mnaona huu muhuri hapa chini? Ukipitisha kidole unausikia umeinuka kidogo, kama mshono wa nguo. Hii ni nakala ya cheti changu cha ndoa iliyothibitishwa na karani wa kaunti, hapa Texas. Niliipata wiki tisa baada ya harusi, na katika wiki hizo sikulala vizuri hata usiku mmoja. Ndiyo maana nimeamua kulizungumza, kwa sababu kila mwezi napata ujumbe wa dada anayekuja kuolewa huku, au kaka anayesema, "Tulishafunga ndoa, mbona wanatudai cheti?"

Kwetu Kenya tumezoea hivi. Viapo vikiisha mnaitwa mbele kwenye ile meza ndogo iliyotandikwa kitambaa. Mnatia sahihi, mashahidi wanatia sahihi, mchungaji naye anatia, akina shangazi wanapiga vigelegele, na mnatoka kanisani cheti kikiwa mkononi. Ukipoteza, ukitaka nakala baada ya miaka, unajua pa kuanzia: Msajili wa Ndoa, chini ya Mwanasheria Mkuu. Kaunti tunazo 47, lakini hakuna anayemwendea gavana kwa habari ya ndoa.

Huku mambo ni tofauti kabisa. Serikali ya Washington haina daftari la ndoa la nchi nzima. Hakuna Sheria House ya Marekani, ofisi moja kama ile ya Mwanasheria Mkuu wetu Nairobi. Ndoa ni kazi ya majimbo, na majimbo mengi yameikabidhi kwa kaunti, na kaunti ziko zaidi ya 3,000. Texas peke yake ina 254. Sasa wewe mgeni, ukiambiwa "nenda ofisi ya kaunti", uende ipi?

Sikilizeni hapa. Kabla ya harusi mnakwenda wote wawili kwa karani wa kaunti kuchukua leseni ya ndoa. Hiyo ni ruhusa tu. Texas wanataka kitambulisho, na pasipoti ya Kenya inatosha. Wanauliza namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, kama unayo. Mimi sikuwa nayo bado, na leseni nilipewa. Mnaapa mbele ya karani kwamba mliyoyajaza ni kweli, mnalipa, mnaondoka na karatasi. Lazima mngoje saa 72 kabla ya kufunga ndoa, isipokuwa mmoja wenu ni mwanajeshi aliye kazini au mmesoma ile kozi ya jimbo ya saa nane kwa wanaotaka kuoana, ambayo pia inawapunguzia dola 60 kwenye ada. Leseni ikipita siku 90 bila ndoa, imekwisha, mnaanza upya.

Siku ya harusi ndipo wengi tunapopotea. Mchungaji, imamu au hakimu anayewafungisha ndoa anajaza tarehe na kaunti mlimofungia, anatia sahihi yake. Wewe bibi harusi huandiki kitu. Texas haitaki hata mashahidi. Halafu sheria inamtaka yeye aliyewafungisha airudishe karatasi ile kwa karani aliyeitoa, ndani ya siku 30. Karani akiipokea anaiingiza kwenye kumbukumbu, na kuanzia hapo ndipo mnaweza kuomba nakala yenye muhuri. Kwa hiyo ile karatasi mliyopiga nayo picha mbele ya keki bado si cheti. Ni leseni iliyojazwa, inayosubiri kurudi nyumbani kwake.

Mimi hili sikulijua, wala mume wangu.

Niliingia nchi hii kwa viza ya K-1, ile ya mchumba. Masharti yake ni mfunge ndoa ndani ya siku 90 tangu siku ya kuingia. Sisi tulifunga wiki ya tatu, kwa hiyo tulijiona tuko mbele ya saa. Leseni tulichukua kaunti anayoishi mume wangu. Harusi ilifanyika kanisani, kaunti ya jirani, mwendo wa dakika arobaini. Jambo la kawaida, tena linaruhusiwa: leseni ya kaunti yoyote ya Texas inafaa jimbo zima.

Tukakaa tukisubiri cheti kije kwa posta. Wiki ya nne, kimya. Wiki ya sita nikamwambia mume wangu twende tukaulize. Tukaenda kwenye kaunti ya kanisa, kwa sababu akilini mwangu ndoa iko pale ilipofungwa. Yule mama wa dirishani akatafuta jina langu, akatafuta la mume wangu, akageuza akaanza na jina la ukoo, akatikisa kichwa. Hatumo. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Mama yangu alikuwa akinipigia kutoka Nyeri karibu kila jioni kuuliza kama karatasi zimekamilika, na jioni ile sikupokea simu.

Ilichukua siku nyingi tena mpaka mtu kazini kwa mume wangu alipomwambia: kumbukumbu hazifuati kanisa, zinafuata leseni. Nendeni mlikochukua leseni. Tukaenda. Huko jina letu lilikuwamo, ila karani akatuonyesha kwenye skrini: imetolewa, haijarudi.

Tulimpigia mchungaji tukiwa bado kwenye maegesho. Ni mtu mwema, aliyetupokea kama watoto wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Binti yangu, mimi nilidhani mtaichukua nyinyi." Karatasi ilikuwa kwenye droo ya mbele ya gari lake, ndani ya bahasha, imekunjiwa ndani ya programu ya harusi yetu. Sahihi ipo, tarehe ipo. Iliyokosekana ni safari ya kuirudisha. Siku 30 zilikuwa zimepita zamani. Sheria ya Texas inaweka faini ya dola 200 hadi 500 kwa mfungishaji asiyerudisha, na nilimwona alivyoingia wasiwasi alipojua. Karani aliipokea ingawa imechelewa, akaisajili, na tukanunua nakala siku hiyohiyo.

Hesabuni nami. Wiki tatu kabla ya harusi, wiki tisa baada ya harusi: siku 84. Sharti la kufunga ndoa tulikuwa tumelitimiza, lakini siku zile 90 ndizo pia muda wangu wote wa kukaa kwa viza ile. Ili kuomba ukaazi wa kudumu, ile grinkadi, unapeleka fomu I-485 pamoja na ushahidi wa ndoa. Tulibakiwa na siku sita. Wakili alituma maombi siku ya pili yake asubuhi.

Ndiyo maana nasema hivi, na nalisema kwa mapenzi: kabla mchungaji hajaondoka kwenye sherehe, mwulize, "Leseni unairudisha wewe, au tukupelekee?" Si utovu wa adabu. Wachungaji wetu wengi huku wana kazi mbili, na kesho yake alfajiri yuko zamu. Mkikubaliana mtapeleka nyinyi, mpelekeni mtu mmoja mwaminifu, aende dirishani, asubiri risiti. Ukituma kwa posta, tumia ile ya kufuatiliwa kwa namba. Kisha baada ya wiki mbili ingia kwenye tovuti ya karani wa kaunti hiyo. Kaunti nyingi zina sehemu ya kutafuta kumbukumbu kwa majina. Hakikisha ni tovuti ya kaunti yenyewe, kwa maana zipo nyingine zinazofanana nayo zinazokutoza juu ya ada ya ofisi kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe.

Ukipata nakala, isome pale pale dirishani. Majina yetu huku huwashinda. Rafiki yangu mmoja, Nyambura wa watu, karatasi ilimwita Nyumbara. Texas hilo lina njia yake: mke na mume wote wawili mnaandika hati ya kiapo kueleza kosa, mnaitia sahihi mbele ya notari, na karani anaiambatisha kama marekebisho. Na notari wa huku msimwogope, si wakili kama kwetu. Utampata hata benki. Ikiwa leseni yenyewe imepotea, karani anatoa ya pili. Msikate tamaa.

Mlio majimbo mengine, msinifuate kipofu. Watu wetu wa Atlanta, Georgia leseni hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti. Mlio Lowell na Worcester, Massachusetts hawatumii kaunti kwa jambo hili. Ni karani wa mji. North Carolina ni ofisi ya usajili wa hati za ardhi, na msishangae, ndiyo hiyo hiyo inayotunza ndoa. Maryland ni karani wa mahakama. Jimbo la Washington ni mkaguzi wa kaunti. California wana leseni ya aina mbili, ya wazi na ya siri, na ile ya siri nakala yake hupewa wanandoa wenyewe tu, si dada, si binamu aliyetumwa. Huko mfungishaji ana siku 10 tu za kurudisha. Mnaona jinsi mlango unavyobadilika? Katika majimbo haya niliyoyataja, kinachobaki palepale ni kwamba unarudi kwa aliyekupa leseni.

Mnaotaka cheti kitumike Kenya, kwa mfano kubadilisha jina kwenye pasipoti au mambo ya urithi, nakala ya karani peke yake mara nyingi haitoshi. Texas unaipeleka kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo, Austin, dola 15 kwa hati. Fomu yao inauliza hati inakwenda nchi gani, kwa sababu nchi zilizo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 zinapewa apostili, yaani cheti cha kuthibitisha hati kinachokubaliwa na nchi hizo, na zisizokuwamo zinapewa uthibitisho wa aina nyingine ambao lazima upite pia Wizara ya Mambo ya Nje Washington na kisha ubalozi. Basi mpigieni ubalozi wetu simu kwanza, kabla ya kutuma chochote Austin.

Nisimalize bila kumtaja mama mmoja wa kanisani kwetu. Sitamtaja jina. Mzee wake alifariki mwaka jana, na Social Security wakataka cheti cha ndoa ili wamfikirie malipo ya mjane. Walioana hapa Texas zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nakala yao ilipotea walipohama, na yeye alikumbuka jina la kanisa tu. Leseni ilitoka kaunti ipi, mzee ndiye aliyejua. Tulikaa naye kwenye meza hii hii. Tukaandikia idara ya takwimu za uhai ya jimbo, kwa sababu wao wana orodha ya ndoa zilizosajiliwa tangu 1966. Kwa dola 20 wanakutumia barua ya kuthibitisha. Barua hiyo si cheti, na Social Security haikuwa inaitaka barua. Ila ndani yake kuna tarehe na jina la kaunti, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Tukaiandikia kaunti ile.

Bahasha ilipofika, mama aliifungua kwa kisu, polepole, asije akaichana. Akatoa karatasi, akavaa miwani. Akasoma jina la mzee kwa sauti, yote matatu, kama wanavyoita kwenye baraza. Kisha akaniuliza kama anaweza kununua nakala ya pili, moja ya Social Security na moja ya kubaki nayo. Nikamwambia anaweza kununua nyingi apendavyo. Tuliagiza tatu.

Kwa leo ni hayo. Mwenye swali aandike hapo chini, ataje jimbo na kaunti alikochukua leseni, nami nitawajibu Jumamosi nikitoka zamu.