Marathoni ya Ufukweni: Tarehe Tunaipanga na Bahari

ZUENA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia marathoni ya kujipangia wenyewe, pale Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa Mjimwema. Hakuna kiingilio, hakuna fulana ya mdhamini. Ni marafiki wa joging tu na kilomita zao 42 na mita 195. Kaka Iddi, kwenye grupu kila mtu anauliza tarehe.

IDDI: Wana haki ya kuuliza, dada, maana tarehe ndiyo inayobeba mambo yote. Mbio za barabarani unachagua Jumapili yoyote unayoitaka. Ufukweni unaanza na maji. Sasa, watu wengi wanapenda siku ya mwezi mpevu, wanasema mbalamwezi itatumulikia alfajiri. Inavutia kweli. Lakini hapa kwetu mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi za alfajiri. Ukifika saa kumi na moja umeshafunga kamba za viatu, mchanga mgumu wote uko chini ya bahari. Unabaki na ule mlaini wa juu, kule kwenye minazi.

ZUENA: Na ule unamaliza miguu.

IDDI: Unamaliza! Kuna watafiti wa Ubelgiji walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 1998: kukimbia mchangani kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Piga hesabu kwa 42. Ni kama umejitwisha kilomita 67.

ZUENA: Haya, tuchague siku gani?

IDDI: Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo ukirudi nyuma siku tatu hivi kabla ya mwezi mpevu, yanakupwa mpaka mwisho mnamo saa mbili asubuhi. Hapo ndipo tunapopataka. Watu wanaswali alfajiri, tunaondoka saa kumi na moja na nusu maji yakiwa tayari yanatoka, na mpaka yarudi kutubana ni kwenye saa tano. Giza litakuwepo mwanzoni kwa sababu mwezi utakuwa umeshazama, basi kila mtu na tochi yake ya kichwani. Jedwali la maji kujaa na kupwa liko kwenye simu, lakini mimi nitamwamini zaidi mvuvi wa pale pale. Yeye anajua ni kona gani inaanza kufunikwa.

ZUENA: Mimi naongezea mwezi wa saba au wa nane. Kusi linavuma, hewa ni nafuu. Marathoni ya Februari hapa Dar siikubali hata kidogo, joto na unyevu ule unamchosha mtu kabla hajafika kilomita ya kumi.

IDDI: Hapo tuko pamoja.

ZUENA: Kuna aliyeuliza kwa nini tuvuke na pantoni wakati ufukwe wa Coco uko mlangoni. Coco naipenda, na mihogo yake naipenda, ila ina miamba ya matumbawe na wikiendi watu ni wengi. Kwa mbio hizi tunataka kipande kirefu, kipana, kisicho na mto wa kukatiza.

IDDI: Kilomita tatu tu zinatosha. Kwenda na kurudi ni sita, mara saba ni 42. Zinabaki mita 195, tunazipima pembeni kwa ajili ya kumalizia. Na kwenda na kurudi kuna faida ambayo watu hawaioni. Ufukwe umeinama kuelekea baharini. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja uko juu muda wote, goti na nyonga vinalalamika. Ukigeuza kila kilomita tatu, mzigo unahama. Na kusi pia kila mtu analipata usoni na mgongoni kwa zamu.

ZUENA: Waeleze na namna ya kuchagua mstari wa kukimbilia.

IDDI: Angalia mchanga unaong'aa, ule ambao wimbi limeuacha sasa hivi, kisha panda kidogo juu yake. Kanyaga, inua mguu, tazama. Ukiona alama za soli zimechorwa safi na kisigino hakijazama, hapo ndipo. Kisigino kikizama, uko juu mno. Alama ikijaa maji mara moja, uko chini mno. Na kila mzunguko mstari huo unahama, lazima uutafute upya.

ZUENA: Nimelipenda hilo. Sasa mizunguko saba, mtu akichoka anasahau kabisa yuko wa ngapi. Mimi nimependekeza kete za bao. Mezani kila mkimbiaji ana kikombe chenye jina lake. Akipita, aliyeshika meza anadondosha kete moja na kumwambia kwa sauti: "Umebakiza tatu!" Hapo hubishani na mtu, wala hutegemei saa ya mkononi.

IDDI: Na mezani pawe na nini?

ZUENA: Maji kwenye ndoo yenye bomba, ndizi, tende, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Madafu nayo yapo, ila tuelewane: dafu lina potasiamu nyingi, chumvi lina kidogo, na jasho la Dar linatoka na chumvi. Kwa hiyo tia chumvi kidogo. Au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na mtu asijilazimishe kunywa maji matupu lita kwa lita. Chumvi ya damu ikishuka sana, ni hatari kubwa. Kunywa kwa kiu yako.

IDDI: Na joto?

ZUENA: Mwenzako akianza kuyumba au kuongea ovyo, mbio zake zimeisha siku hiyo. Kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, wakati gari linasogezwa. Gari na dereva viwepo tangu alfajiri, dereva asiwe mmoja wa wakimbiaji. Hapa sina mjadala na mtu.

IDDI: Sasa tufike kwenye lile tunalobishania. Mimi nasema saa tano tunafunga.

ZUENA: Na mimi nakataa. John Stephen Akhwari, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Sisi Watanzania tunamkumbuka mpaka leo kwa kumaliza. Halafu mbio za marafiki tumwambie mtu arudi nyumbani akiwa amebakiza mzunguko mmoja?

IDDI: Dada, Akhwari hakufukuzwa na maji kujaa.

ZUENA: Ndiyo maana nimefikiria hivi. Bahari ikirudi, kipande cha kilomita tatu kinaachwa. Aliyebaki anahamia pale karibu na meza, penye upana, anakwenda na kurudi mita 500 mpaka kilomita zake zitimie, na sisi tuliomaliza tunapokezana kumsindikiza. Tunafupisha kipande, hatufupishi umbali. Mradi mwili wake uko sawa.

IDDI: Hiyo naikubali. Kabisa, naikubali.

ZUENA: Sawa, limeisha. La mwisho, wenyeji. Tunakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, tunajitambulisha. Halafu wavuvi.

IDDI: Wavuvi mapema sana. Alfajiri wanashusha mashua, kamba za nanga zimekatiza ufukwe, na gizani kamba haionekani. Tufunge vitambaa vyeupe juu ya kamba hizo, kwa ruhusa yao. Na wakivuta nyavu, tunasimama au tunazunguka kwa juu. Wao wako kazini.

ZUENA: Samaki wa mchana tutanunua kwao.

IDDI: Hilo nimeshawaahidi.

ZUENA: Basi, wasikilizaji, anayetaka kushika meza atuandikie, maana wakimbiaji tunao tele na wa mezani bado ni wachache. Wiki ijayo tuna fundi viatu, atatueleza soli ipi inavumilia maji ya chumvi.