Gobori Halipigi Mara Mbili: Bunduki za Karne ya 19 katika Tamthilia za Vita

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliopo, wenzangu wa kalamu na kamera, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie ukweli wa kihistoria katika tamthilia za vita. Nimejipunguzia mzigo: nitasema bunduki tu, na karne ya 19 tu. Mavazi, lugha na majumba wapo humu wanaoyajua kunishinda.

Nianze na lawama. Hivi karibuni nilitazama tamthilia moja ya kwetu. Jina silitaji, maana baadhi ya walioitengeneza tumeketi nao. Ni miaka ya 1880, msafara wa pembe umevamiwa porini. Shujaa anainua bunduki, anafyatua, anafyatua tena, anageuka kushoto anamwangusha wa tatu, anaruka gogo, anamwangusha wa nne. Hajajaza kitu. Moshi hakuna. Niliyekuwa naye akaniambia, "Acha hizo bwana, watazamaji hawajui." Labda hawajui jina la bunduki. Lakini muda si mrefu mtoto mmoja pale sebuleni akauliza: kwa nini hawa wenye mikuki wanakimbilia bunduki, wajinga? Hilo ndilo swali lililonileta hapa. Yule mtoto alikuwa sahihi kabisa kwa alichoonyeshwa. Bunduki ndiyo inayoamua watu wasimame wapi, wakimbie lini na waogope nini. Ukiweka bunduki ya mwaka 1947, kama AK-47, mkononi mwa mtu wa mwaka 1885, mambo yote yanayofanywa na wenzake na adui zake yanakosa sababu, na wazee wetu wanaonekana wapumbavu.

Kwa hiyo tuliangalie gobori lenyewe, yaani bunduki ya zamani inayojazwa kwa mdomoni.

Anayelitumia ana pembe ya baruti au kifuko kiunoni. Anasimamisha bunduki, kitako chini, mdomo juu. Anapima baruti, anaimimina kwenye kasiba, lile bomba la bunduki. Anaweka kizibo: kitambaa, au makumbi ya nazi kama yuko pwani. Anachomoa mdeki, ule ufito wa bunduki, anashindilia. Anatia risasi, na hapa msiniletee risasi iliyochongoka. Ni gololi ya risasi, na ikikosekana ni vipande vya chuma, waya, hata vijiwe. Kizibo tena, mdeki tena. Halafu anarudisha mdeki mahali pake, kwa sababu akiusahau ndani utaruka pamoja na risasi na bunduki itabaki gongo. Kama bunduki ni ya gumegume, yaani inawashwa kwa cheche za jiwe, anafungua kisahani, anatia baruti laini kidogo, anafunika, anavuta mtambo nyuma. Kama ni ya fataki, anavisha fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, kwenye chuchu, kile kichomoza chenye tundu nyuma ya kasiba. Hapo ndipo analenga. Askari wa Ulaya aliyezoezwa kila siku kwa bunduki ya namna hii alitarajiwa kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mtu aliyejifunzia kwenye misafara, akiwa amechuchumaa nyuma ya mti huku anatetemeka, mpeni dakika nzima kwa mpigo mmoja na msimlaumu.

Na gumegume haitoi mlio mmoja. Kuna mwako kwenye kisahani, fyaa, karibu na jicho la mpigaji, kisha kitambo kidogo sana, ndipo mlio mzito. Mvua ikilowesha kile kisahani, hakuna kitu. Mhariri wa sauti akiweka ule mlio mkali wa bunduki za leo, amefuta yote hayo.

Halafu kuna moshi. Baruti nyeusi, ule mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, inatoa wingu jeupe zito. Baruti isiyo na moshi iliingia jeshini kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1886, na ilichukua muda kufika huku. Kwa hiyo vita yoyote ya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, ni vita ya moshi. Watu ishirini wakipiga pamoja asubuhi isiyo na upepo, baada ya mpigo wa pili hawaoni wanachokilenga. Lakini pia wamejionyesha walipo. Mwongozaji mwenye akili anaweza kujenga onyesho zima juu ya hilo: mtu amejificha vizuri kichakani, akipiga mara moja tu kila mmoja anajua yuko wapi, na ana dakika nzima ya kujaza huku wenye mikuki wanakuja. Sijui tunataka msisimko gani zaidi ya huo.

Bunduki hizi zilitoka wapi? Majeshi ya Ulaya, kuanzia miaka ya 1860, yalibadili silaha. Walipopata bunduki za viasi, yaani risasi na baruti katika ganda moja, zinazojazwa nyuma, zile za zamani zikawa takataka kwao na mali kwa wafanyabiashara. Zilishuka Unguja kwa maelfu. Kufikia mwaka 1888 makadirio ya balozi wa Uingereza Unguja yalikuwa kati ya bunduki 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Zikapanda bara pamoja na kaniki, shanga na senyenge, hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Manyema. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakubaliana mjini Brussels kuzuia silaha zisiuzwe Afrika, ila wakaacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, ile mifereji ya kuzungusha risasi, ndani ya kasiba. Yaani mmiliki wa kihalali wa silaha duni aruhusiwe kubaki nayo duni. Mwandishi wa muswada akitafuta ubaya wa ukoloni usiohitaji hotuba, huo hapo, unaonekana mkononi mwa mhusika.

Msichanganye pia aina zote kapu moja. Wabulushi waliowasindikiza wapelelezi Burton na Speke kutoka pwani mwaka 1857 walikuwa na bunduki ndefu za mrao, zile za kuwashwa kwa utambi. Rugaruga, wale wapiganaji wa watemi wa bara, wa miaka ya 1870 wana magobori ya gumegume na ya fataki. Askari wa Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews walipewa Snider, bunduki ya Kiingereza ya kujazwa nyuma. Martini-Henry, ile yenye mkono wa chuma chini ya kitako, iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1871, na baadaye ikawa kipenzi cha wafanyabiashara wa magendo wa Muscat na Ghuba nzima. Maxim, bombomu wa kwanza, yaani bunduki inayojijaza na kupiga mfululizo yenyewe, alibuniwa mwaka 1884, na Stanley alipita naye Unguja mwaka 1887 akielekea Kongo. Kabla ya hapo, tafadhali, bombomu asionekane.

Sasa twende Lugalo. Wengi mnalijua jina hilo kama kambi na hospitali ya jeshi hapa Dar es Salaam. Lakini Lugalo yenyewe iko karibu na Iringa, na nguzo ya kumbukumbu waliyoijenga Wajerumani ipo hadi leo.

Tarehe 17 Agosti 1891. Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, anaongoza kikosi cha Wajerumani kuingia Uhehe. Ni mtu yule yule ambaye ubabe wake Pangani mwaka 1888 ulichangia kuwasha vita vya Abushiri, kwa hiyo mwenye kuandika tamthilia ana mhusika wa misimu miwili. Askari wake, wengi wao Wasudani na Wazulu, wana bunduki za Mauser za mwaka 1871. Nimewahi kushika moja. Ni ndefu, nzito, ina komeo la chuma ambalo mkono wake unatokeza kulia, na nyuma yake kuna kiziba-usalama kama sikio dogo. Haina sanduku la risasi. Unavuta komeo, ganda linatoka, unaweka kiasi kimoja chenye risasi ya milimita 11, unafunga, unapiga. Kimoja kimoja. Hata hivyo ukilinganisha na gobori, ni tofauti ya mchana na usiku. Askari aliyejiandaa anapiga mara nyingi mwenzake akiwa bado anahangaika na mdeki.

Ajiandae, ndiyo. Siku ile hawakujiandaa. Walikuwa wanatembea mstari mmoja mrefu katika njia nyembamba iliyozibwa na vichaka, bunduki zikiwa hazina kitu ndani, mizinga imebebeshwa punda. Wahehe wamejificha kandokando ya njia. Inasemekana ofisa mmoja alimpiga ndege, na mlio ule ukawafanya Wahehe waanze kabla ya wakati. Wakatoka na mikuki. Umbali uliobaki kati ya mkuki na askari ulikuwa mfupi kuliko muda wa kuvuta komeo, kutoa kiasi mfukoni, kukitia na kufunga. Dakika chache tu, vita imekwisha. Zelewski amechomwa mkuki, askari zaidi ya mia mbili wamekufa, na bunduki zipatazo 300 zimetekwa pamoja na mizinga.

Sasa mrudie lile swali la mtoto. Hawakukimbilia bunduki. Walikimbilia bunduki tupu, wakiwa karibu, wakijua hesabu ya muda kuliko aliyezibeba. Huo ni uamuzi wa kijeshi wa hali ya juu, lakini utauonyeshaje kama askari wako wameshika bunduki zinazomimina risasi thelathini kwa mfululizo? Itabidi mwandishi abuni muujiza, au radi, au uchawi. Na kweli nimeona uchawi ukiitwa kuziba tundu lililotobolewa na mtu wa vifaa.

Msiishie siku ya ushindi. Bunduki 300 za Mauser zikiwa mikononi mwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa nini mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka? Sababu ni nyingi, mizinga ya gavana wa Kijerumani von Schele ikiwa mojawapo. Lakini mhunzi hodari wa kijijini anaweza kutengeneza gobori lililovunjika, kuyeyusha risasi, hata kutafuta baruti ya magendo. Kiasi cha shaba chenye fataki ndani yake hawezi. Kila kiasi kilichopigwa ni kimoja kimepungua. Kuna onyesho zuri sana pale, la watu wawili chumbani wanahesabu viasi, ambalo sijaliona bado kwenye televisheni.

Kwenye Maji Maji nitapita haraka, maana ni 1905 na nimeahidi karne ya 19. Ila silaha zilikuwa za karne ya 19: magobori upande wa wapiganaji, na kwa askari wengi bado Mauser ile ile ya 1871. Hata mwaka 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, vikosi vingi vya askari wa Kijerumani vilikuwa nayo, na moshi wake ukaonekana. Kwa hiyo anayemvisha askari wa 1905 Mauser ya mwaka 1898 yenye kisanduku cha risasi tano amemtajirisha bure. Bombomu weka, hasa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Pale walikuwepo, na ndio waliofanya maafa.

Mtaniambia haya ni mambo ya wenye fedha. Waingereza wana tamthilia ya Sharpe, iliyoanza kurushwa na ITV mwaka 1993, kuhusu vita dhidi ya Napoleon. Katika moja ya vipande vyake vya mwanzo, hadithi inasukumwa na jambo dogo: je, kikosi hiki kitaweza kupiga mara tatu kwa dakika? Kujaza bunduki kumekuwa ndiyo tamthilia. Nao si watakatifu. Shujaa anawafundisha watu watemee risasi mtutuni na kugonga kitako chini badala ya kutumia mdeki, jambo linalopendeza machoni, lakini risasi isiyoshindiliwa hupungua nguvu, na ukiinamisha mtutu inaweza kukudondokea miguuni. Niliwasamehe, kwa sababu walielewa kwamba muda wa kujaza ni mali ya mwandishi.

Hilo halihitaji fedha. Bunduki mbili au tatu zilizochongwa vizuri na fundi seremala, zenye mtambo wa chuma, zitosheze picha za karibu; wale wa nyuma wape miti iliyopakwa rangi, kamera haitafika. Wafundishe waigizaji wako hatua za kujaza mpaka mikono ifanye bila kuuliza. Moshi uongezwe na mhariri, au mashine. Gobori halisi la babu lililotundikwa ukutani msilipige, hata kwa baruti tupu: kasiba ya miaka mia na zaidi imeliwa na kutu ndani usikokuona, na ikipasuka inapasuka usoni. Tena ni silaha kisheria. Polisi wajulishwe kabla halijatoka nje ya nyumba.

Na kwenye muswada, pembeni ya kila mlio, mwandishi aandike namba ndogo: huyu ana risasi ngapi, na sasa bunduki yake imejazwa au haijajazwa. Mkifika ukurasa wa tano mtaona wahusika wameanza kufanya maamuzi wenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mizinga nimeitaja tu bila kuieleza, wala sikuzigusa zile manowari za Unguja mwaka 1896, kwa hiyo kama kuna maswali ningeomba yaanzie huko.