Usiniulize Mpira Upi ni Mkali, Niulize Mafuta Yakoje

Haya, mambo vipi wapendwa wangu mlioko nyumbani! Leo kamera nimeilaza chini makusudi, tuangalie sakafu ya bolingi kwanza, mipira baadaye. Mnaona pale mwanga unapong'aa? Hayo ni mafuta yanayopakwa kwenye leni, yaani njia ya kuviringishia mpira. Kwa macho unaweza kudhani leni nzima ni sawa, kumbe wapi! Kutoka mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka ukitupa mpira, hadi pini ya mbele, yaani kigingi cha kwanza cha kuangushwa, ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo, na mafuta mara nyingi yanaishia kwenye futi 40 hivi. Mbele ya hapo ni pakavu. Mpira ukiwa kwenye mafuta unateleza, ukifika pakavu unashika sakafu na kukata kona.

Sasa kila siku naulizwa, "Kaka, mpira upi wa bolingi ni mkali kuliko yote?" Mkali kwenye mafuta yapi?

Huu wa plastiki sikai nao sana. Mafuta mengi, mafuta machache, wenyewe haujali, unakwenda moja kwa moja. Ni wa kuangushia pini iliyobaki pembeni, basi.

Utamu uko kwenye mpira wenye ngozi ya rezini. Ngoja niusogeze kwenye kamera. Ngozi yake ina vitundu vidogo mno, inakunywa mafuta. Na hii michirizi ya mafuta, mnaiona? Imepishana, hakuna mstari uliokaa juu ya mwenzake. Ni kazi ya kiini kilichomo ndani: mpira ukizunguka, mhimili wake unahama, kwa hiyo kila mzunguko unagusa sakafu kwa ngozi ambayo bado haijapakwa mafuta. Ndiyo maana unashika vile.

Huu niliousugua kwa msasa hadi ukafifia, uweke kwenye mafuta marefu na mazito: raha tupu. Uhamishie kwenye mafuta mafupi, utaulaani. Unashika mapema, unamaliza nguvu njiani, unafika kwenye pini umechoka. Au unakata kona hadi unaipita kabisa pini ya mbele. Chukua rezini hiyohiyo, ipige polishi: itateleza mbali zaidi, halafu igeuke kwa ghafla mwishoni. Watu wanakimbilia kununua mpira mpya wakati kipande cha msasa kingemaliza kazi.

Yurethani, aina nyingine ya ngozi ya mpira, ni ya zamani kuliko rezini, iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, rezini ikafuata miaka kumi hivi baadaye. Kona yake ni pana, ya taratibu, haina vituko. Kwenye mafuta mafupi naipenda kuliko zote. Ila hainywi mafuta kama rezini, inayasukuma mbele hadi pale palipokuwa pakavu. Ukicheza leni moja na mtu wa yurethani, jiandae, mpira wako utaanza kuchelewa kugeuka.

Kuna hesabu moja wachezaji wanaitegemea. Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Mafuta ya futi 40 yanakupa 9: mpira uwe karibu na ubao wa tisa, kuhesabia kutoka kwenye mfereji wa pembeni ya leni, upande wako, pale mafuta yanapoishia. Leni ina mbao 39 kwa upana. Mafuta ya futi 35 yanakupa 4, yaani unatembea ukingoni kabisa mwa mfereji! Ni makadirio tu, siyo sheria.

Na msidanganywe na alama mnazopata kwenye kumbi za kawaida. Kule mafuta hurundikwa katikati, pembeni yakawa kidogo. Ukikosea nje, pakavu panakurudishia mpira. Ukikosea ndani, mafuta yanauzuia usikate sana. Mafuta ya mashindano husambazwa karibu sawa, hayakubebi hivyo.

Halafu mafuta yanaliwa kadiri mnavyocheza. Wewe wa mkono wa kulia, ukiona mpira umeanza kugeuka mapema, usikimbilie begi. Hamisha miguu mbao mbili tatu kushoto, tupa tena. Ukiendelea kugoma, hapo sasa toa ule wenye polishi.