Adam Vinatieri: mkwaju upi ulikuwa mgumu zaidi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Juma kang'ang'ania futiboli ya Marekani, tena anamtaka mpigaji wa mikwaju, yule anayepiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti ya goli kwa pointi 3.

JUMA: Kwa sababu huyo, dada Zuhura, hukaa benchi karibu mchezo mzima, halafu zikibaki sekunde chache anaambiwa nenda katuokoe. Na kwa kazi hiyo mimi simwoni wa kumfikia Adam Vinatieri. Misimu 24, pointi 2,673. Hakuna aliyefunga pointi nyingi zaidi katika NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo.

ZUHURA: Na kaanzia chini kweli. Kasoma chuo cha South Dakota State, drafti, ile siku timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya, ikapita bila timu kumtaka, akavuka bahari kuchezea Amsterdam Admirals, timu ya futiboli hiyohiyo huko Uholanzi. New England Patriots wakamchukua 1996.

JUMA: Msimu huohuo Herschel Walker wa Dallas akadaka mpira wa kuanzia na kuwatoka wote. Walker huyo chuoni alikuwa mkimbiaji hodari wa mbio fupi! Vinatieri akamfukuza, akamwangusha. Kocha Bill Parcells akaanza kumwona kama mwanamume wa mpira, si mtu wa kuja kupiga tu na kuondoka.

ZUHURA: Haya, twende kwenye theluji.

JUMA: Januari 19, 2002, Foxboro, hatua ya mtoano dhidi ya Oakland Raiders. Patriots wako nyuma pointi 3, muda unayoyoma, theluji inamwagika. Mkwaju wa yadi 45, kama mita 41. Sasa tazama kazi yenyewe. Lonie Paxton kainama, anaurusha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Ken Walter kapiga goti yadi 7 au 8 nyuma yake, anaudaka, anausimamisha kwa ncha, anauzungusha mshono uelekee golini. Vinatieri kashaanza kukimbia kabla mpira haujatulia. Yote hayo yanakwisha ndani ya sekunde moja na nusu!

ZUHURA: Na mikono imekufa ganzi kwa baridi.

JUMA: Mikono ya Walter! Watu wanausifu mguu, wanaisahau ile mikono. Na mpigaji hawezi kupanua hatua, akiteleza tu imekwisha. Mpira ukatoka chini chini, ukavuka mtambaa panya. Zimebaki sekunde 27. Ngoma droo, 13 kwa 13.

ZUHURA: Kwenye muda wa nyongeza Raiders wakafanya kosa ambalo mpaka leo silielewi.

JUMA: Vinatieri anajiandaa kupiga wa yadi 23, wao wakasimamisha mchezo ili wamvuruge akili. Patriots wakautumia muda huohuo kukwangua theluji kwa miguu pale mpira utakaposimamishwa. 16 kwa 13. Februari 3, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akapiga wa yadi 48 muda ukiisha, St. Louis Rams wakalala 20 kwa 17.

ZUHURA: Sawa, lakini mimi sichagui theluji. Nachagua Houston, Februari 2004, Super Bowl dhidi ya Carolina Panthers. Siku ile kipindi cha kwanza kakosa mkwaju wa yadi 31, mwingine ukazuiwa. Mikwaju ya karibu kabisa, mbele ya dunia nzima.

JUMA: Aa, hapo umenibana.

ZUHURA: Halafu ngoma 29 kwa 29, wanamwita tena. Yadi 41. Kwenye theluji, angekosa, watu wangelaumu hali ya hewa. Houston angemlaumu nani? Akaupiga, zikabaki sekunde 4, ubingwa wa pili.

JUMA: Lakini Houston alisimama kwenye nyasi kavu, dada! Miguu inashika chini, mpira anauona.

ZUHURA: Mguu haukuwa tatizo siku ile, kaka. Alikuwa na mikwaju miwili iliyoharibika kichwani.

JUMA: Basi na timu yake ya pili, Indianapolis Colts, tusiwasahau. Kahamia huko 2006, na Januari iliyofuata akaifunga Baltimore Ravens peke yake: mikwaju mitano, 15 kwa 6. Hakuna mwenzake aliyefunga hata pointi moja. Wakaenda kuchukua ubingwa, wake wa nne. Baadaye, akiwa kapita miaka 40, akapiga 44 mfululizo bila kukosa.

ZUHURA: Mpaka goti likamgomea 2019, ana miaka 46. Wasikilizaji, tuandikieni: theluji au Houston? Mimi sibanduki Houston.