Kidonge cha Sonona na Mkono Uliopooza

Swali ninaloulizwa sana na wenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani ni hili: daktari, hakuna dawa ya kumrudishia mzee mkono wake? Ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, inaitwa alteplesi, ila muda wake ni saa nne na nusu tangu dalili zianze. Leo nazungumzia yanayofuata, mzee akisharuhusiwa kwenda nyumbani na mkono haunyanyuki.

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Zilizo jirani ndizo huchipuza matawi na kushika kazi iliyoachwa, hasa miezi ya mwanzo. Je, kidonge kinaweza kuusukuma ukarabati huo?

Mwaka 2011 Wafaransa walitoa matokeo ya jaribio la FLAME. Wagonjwa 118 waliopooza upande mmoja, wote wakifanyishwa mazoezi ya viungo. Nusu wakanywa fluoksetini, dawa ya sonona tunayoijua siku nyingi, miligramu 20 kwa siku, miezi mitatu. Kwenye kipimo cha alama 100 cha mkono na mguu, waliokunywa dawa walipanda alama 34, wenzao 24. Dawa rahisi, ya bei nafuu! Nani asingeitamani?

Kisha 2018 Uingereza ikaleta FOCUS: wagonjwa 3,127, miezi sita. Katika kujihudumia, hakukuwa na tofauti yoyote. Sweden wakajaribu, Australia, New Zealand na Vietnam nao wakajaribu kwa pamoja, 2020 jibu likawa lile lile. Katika FOCUS sonona mpya ilipungua kweli, lakini waliovunjika mifupa walikuwa 45 kwa waliokunywa dawa, 23 kwa wasioinywa. Mtu anayeburuta mguu, umwongezee na nyonga iliyovunjika? Mimi siiandiki kwa ajili ya mkono. Mgonjwa akiwa na sonona, hapo ina mahali pake.

Sasa watafiti wanaitazama maraviroki, dawa ya VVU. Huziba kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, kiitwacho CCR5, ambacho huongezeka kwenye seli za ubongo baada ya kiharusi na kuzizuia kuunganika upya. Mwaka 2019 ilionekana panya wenye kiharusi walioipata walirudisha mwendo vizuri zaidi, na binadamu waliozaliwa na hitilafu ya kipokezi hicho nao walipata nafuu kuliko wengine. Lakini panya si mzee wako. Na hata jaribio lililoandaliwa Kanada kwa watu limeifunga dawa hiyo na programu ya mazoezi. Hakuna anayepewa kidonge akaachwa kitandani.